Unataka Nokia E71 ya mtumba? Soma hapa kabla hujatoa hela

Wadau habari zenu. Kila nikiitoa hii E71 yangu mbele za watu kuna maswali mawili lazima yaje, la kwanza "hivi hiyo bado inawaka?" na la pili "inaingia WhatsApp?", sasa leo najibu yote kwa mkupuo nipumzike. Inawaka, tena vizuri tu. WhatsApp haiingii. Wenyewe waliacha kusapoti simu za Symbian S60, mfumo unaoendesha hii E71, tarehe 30 Juni 2017 na hakuna cha fundi wala cha nani atakayeirudisha, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha ile alama ya kijani kwenye menyu na kukwambia "si unaona ipo" usiingie kingi, mwambie aifungue hapo hapo atume meseji moja tu uone atakavyoanza kulalamikia mtandao.

Nimeanza na hilo makusudi kwa sababu ndipo watu wengi wanapopigwa. Hii simu ukiinunua kwa kutegemea apu za siku hizi utailaani wiki ya kwanza, lakini ukiinunua kwa ajili ya kupiga, kuandika meseji na kutuma hela, aisee, mimi sijaona simu ya batani inayoifikia.

Kwa ambao hawakuikuta, Nokia waliitangaza mwezi wa sita 2008, ina kibodi kamili ya QWERTY chini ya kioo, bodi lake limetengenezwa kwa chuma, unene wake milimita 10 tu na uzito gramu 127. Ndani humo kuna waifai, 3G, GPS, Bluetooth, infraredi (nani anakumbuka kutumiana milio kwa infraredi mmegusanisha simu kama zinasalimiana?), redio ya FM, kamera ya megapikseli 3.2, na programu ya kufungua mafaili ya ofisi. Enzi hizo ukiiona mezani kwa mtu ujue huyo ni meneja au ana kazi na wazungu, sisi wengine tulikuwa na zile za Kichina za laini mbili na antena ya TV ya kuvuta. Leo mtu akisikia simu ya batani anafikiria kiswaswadu, kumbe hii ilikuwa smatifoni kamili kabla ya hizi za kupapasa kujaa mjini.

Mimi nimeiwekea laini ya biashara. Nina duka la vyakula vya mifugo, na wateja wangu wengi ni wa meseji na kupiga, mtu anaandika "nitumie mifuko mitatu ya layers na mmoja wa starter mpe boda", namjibu kwa vidole gumba viwili chapchap bila hata kuangalia sana kioo, oda naihifadhi kwenye Notes, jioni nafungua nahesabu. Simu kubwa inabaki na mambo ya intaneti na magrupu, hii haina grupu hata moja na hapo ndipo raha yake ilipo. Ushauri wa haraka hapa, zima ile huduma ya kutabiri maneno, haijui Kiswahili na itakubadilishia "nauza" iwe kitu cha ajabu.

Kitu kingine ambacho hakuna anayekwambia dukani ni hiki cha kutuma hela. Ukipiga *150*00# kwenye kioo cha mwanzo namba zinaandikika zenyewe, safi kabisa, ila menyu ya M-Pesa ikifunguka ikakuuliza uchague 1, ukibonyeza inatoka herufi! Watu wengi wanaishia hapo wanasema simu mbovu. Siyo mbovu, namba kwenye E71 zimeshea batani na herufi, sasa bonyeza mara mbili haraka haraka kile kitufe cha mshale kilichopo chini kushoto, inakaa kwenye namba moja kwa moja, au kama ni namba moja tu shikilia hiyo batani mpaka namba itokee. Ukishazoea vidole vinaenda vyenyewe.

Na alamu, jamani. Hii simu hata ukiizima kabisa usiku, saa ikifika inajiwasha yenyewe inalia. Simu yangu kubwa yenye bei mara kumi ya hii haiwezi hicho kitu.

Sasa tuje kwenye kununua maana hapa ndipo penye mzigo wenyewe. Anza na betri. Inatumia BP-4L ya 1500 mAh, na bahati nzuri betri hiyo hiyo ilitumika kwenye E63, E72, E52, E90 na N97 kwa hiyo bado zipo mtaani, bahati mbaya nyingi ni feki, imeandikwa namba kubwa kuliko original lakini mchana tu imekata moto. Muuzaji mmoja pale Kariakoo aliwahi kunipa "original kabisa bosi" nikaiweka juu ya kioo cha kaunta yake nikaizungusha kwa kidole, ikazunguka kama pia, akacheka mwenyewe akanirudishia hela. Betri ikizunguka hivyo maana yake tumbo limevimba, iliyo salama inalala bapa na haizunguki. Ukipata nzuri, ingia kwenye Settings, sehemu ya Phone halafu Network, toa Dual mode weka GSM, kama hutumii intaneti huna sababu ya kuiacha inatafuta 3G siku nzima. Yangu ikiwa hivyo inanifikisha siku ya tatu na napiga sana.

Chaja. Ile ni ya pini nyembamba ya Nokia, milimita 2. Pembeni kuna tundu la micro-USB na kila mtu akiliona anafurahi anajua atatumia chaja ya Android, hapana, kwenye E71 lile ni la kuhamishia data tu, halichaji. Ukitaka inayochaji kwa USB tafuta E72. Kwa hiyo ukiwa unakagua chomeka chaja ya pini halafu itikise taratibu, kama inachaji inaacha inachaji inaacha, tundu limelegea. Fundi anaweza kulibadilisha lakini hiyo gharama iondoe kwenye bei kabla hujalipa, usiambiwe "hicho kitu kidogo".

Tundu la spika za masikioni nalo ni la milimita 2.5, siyo 3.5 tuliyozoea, na ukikosa waya wake basi na redio umeikosa kwa sababu redio inatumia huo huo waya kama antena. Adapta za kuunganisha zipo ila ni za kutafuta. Kama redio ni muhimu kwako chukua E63, hiyo ni ya plastiki, haina GPS, kamera yake megapikseli 2, lakini tundu lake ni la kawaida na ukishikilia batani ya spesi kwenye kioo cha mwanzo inawaka tochi. Kwa sisi tunaokatikiwa umeme hiyo tochi siyo kitu kidogo.

Kibodi ikague yote, usiridhike na kubonyeza mbili tatu. Fungua Notes andika herufi zote a mpaka z, kisha spesi, kufuta na ile batani ya katikati. Inayozingua mara nyingi ni zile zinazobonyezwa kila dakika. Halafu geuza simu, bonyeza vile vitufe viwili vya pembeni utoe kava la nyuma, toa betri, angalia IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, iliyoandikwa kwenye stika ilingane na ile unayopata ukipiga *#06#. Zisipolingana hiyo bodi ya umeme ya ndani imetoka kwenye simu nyingine, au ganda lenye stika ndilo limetoka kwingine, vyovyote vile hapo kuna stori ambayo hujaambiwa. Kwa Tanzania itume hiyo IMEI kwenda 15090 uone wanasema ni simu gani, kwa sababu E71 za Kichina zilikuwa nyingi mno na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki tangu tarehe 16 Juni 2016. Piga na *#0000# pia, original inakuonyesha toleo la programu yake. Kwenye stika angalia kama ni E71-1, hiyo ndiyo inayokamata 3G ya kwetu, zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani zinaingia sokoni na huku 3G hazishiki.

Laini inaingia ile saizi kubwa. Ukienda kurenew laini waambie wasiivunje mpaka nano, na kama yako ni nano tayari ukaweka kwenye fremu, kuwa makini wakati wa kuitoa maana fremu inashika zile sindano za ndani na ukivuta kwa hasira umeua sehemu ya laini.

Intaneti sitaizungumzia sana. Brauza yake ya asili inagoma tovuti nyingi kwa sababu usalama wa tovuti umeshabadilika na yenyewe imebaki ya zamani, Opera Mini inajitahidi kidogo, Gmail isahau. Ila kama una faili la apu ya Symbian unataka kuiinstall ikakwambia cheti kimeisha muda wake, rudisha tarehe ya simu nyuma mpaka 2010 hivi, install, halafu rudisha tarehe sawa. Hicho kiujanja bado kinafanya kazi mpaka leo.

Mwisho kuhusu namba za watu, kwa wale ambao zimekaa kwenye E71 ya zamani kabatini na wanaona kazi kuziandika upya. Usiandike. Fungua Contacts, weka alama zote, tuma kwa Bluetooth kwenda simu mpya, zinaingia. Ukishahakikisha zimefika na unataka kuiuza piga *#7370# inafuta kila kitu, itakuomba namba ya siri ambayo kama hujawahi kuibadilisha ni 12345. Na wewe unayenunua hiyo namba ndiyo ya kuulizia kabla hujatoa hata shilingi, mwambie muuzaji airiseti mbele yako. Akisema namba ya siri ameisahau mwachie simu yake, zipo nyingine.