"Las soledades del desierto" kwa Kiingereza: usiidharau s ya wingi

Anayejifunza Kihispania hapa Tabora hukutana na "soledad" mapema, na kamusi ndogo humwambia tu: upweke. Akipewa mstari wa shairi "las soledades del desierto" aupeleke kwenye Kiingereza, huikata ile s na kuandika "the loneliness of the desert". Sarufi haina kosa, ila habari imegeuka. Mshairi alikuwa anaonyesha mahali, mfasiri kaandika juu ya mtu mwenye huzuni.

Fungua kamusi ya Real Academia Española. Ipo bure mtandaoni na haili bando. Chini ya "soledad", mbali na kukosa wenzako, utakuta maana nyingine: nchi isiyokaliwa na watu. Kwenye ushairi, wingi mara nyingi huelekea huko. Kwa hiyo jiulize kwanza: hii ni hisia au ni ardhi? Maneno yanayoizunguka yatakujibu. Ukiona upepo, mchanga, umbali, kitenzi cha kuvuka, ni ardhi. "Loneliness" haibebi ardhi wala haikubali wingi, hivyo iondoe mezani.

Mtego wa pili ni wetu wenyewe. Mtu wa Tabora akisikia "mahali pasipo watu" huona pori: miombo, mbung'o, mizinga ya nyuki mitini. Mkono unaandika "wilderness". Neno hilo Biblia za zamani za Kiingereza zililitumia kwa jangwa, lakini msomaji wa leo huona misitu na wanyama. Lingefaa sana kwa pori la Ugalla. Kwa jangwa kama Atacama, kaskazini mwa Chile, halifai: mji wa Arica hupata wastani wa mvua chini ya milimita 1 kwa mwaka, wakati Tabora hupata kama 900.

"Deserted" na "abandoned" nazo ziache. Zinasema watu walikuwepo wakaondoka, yaani mahame, na shairi halijasema hivyo. (Kihispania chenyewe kinalichezea neno "desierto": "calle desierta" ni mtaa usio na mtu, na tuzo ikikosa mshindi hutangazwa "desierto". Kivumishi hicho usikichanganye na nomino "desierto", yaani jangwa.)

Linalobaki, kwa maoni yetu, ni "the empty reaches of the desert". "Reaches" ni maeneo yanayotanda kwenda mbali, na wingi wake unaziba pengo la "soledades". Shairi likiwa la karne ya 19, "the solitudes of the desert" inakubalika, maana Kiingereza cha wakati huo kiliitumia hivyo. Kwenye shairi la leo itanuka vumbi la kabati.

Sasa hesabu mizani kwa sauti: las-so-le-DA-des-del-de-SIER-to, mizani 9. Mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kama kwetu, basi sikio lako halina kazi ngumu. The-EMP-ty-REACH-es-of-the-DES-ert, nayo 9, na mstari unaishia kwenye silabi isiyo na mkazo kama ule wa asili. Ukiongeza "vast" mbele ya "empty" kwa kutaka kupamba, unapata 10 na mwendo unakwama mwanzoni kabisa.

Kabla ya kutuma, hakiki tahajia ya "desert". Ukiweka s mbili umempa mteja kitindamlo, na kikagua tahajia hakitakustua.