Mwanangu, Bond wa Vitabuni Huogopa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza, baada ya kutazama filamu zote za James Bond, yule jasusi wa kubuniwa wa Uingereza, ni mwigizaji gani hasa aliye Bond wa Ian Fleming, mwandishi aliyemtunga, na kama bado kuna haja ya kuzisoma riwaya zenyewe. Haja ipo, tena kubwa. Mtu utakayemkuta humo hujawahi kumwona mzimamzima katika filamu yoyote.

Kwanza ni mtumishi wa serikali. Katika Moonraker ya 1955, Fleming anamweka ofisini London, saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, akipitia mafaili. Kazi za hatari humjia mara mbili au tatu tu kwa mwaka. Mshahara wake ni pauni 1,500 kwa mwaka, na akifika miaka 45 ataondolewa kwenye orodha ya majasusi wenye kibali cha kuua. Akiwa na huzuni huona hatafika umri huo, ndiyo maana hataki kuacha fedha nyingi benki. Riwaya nzima haitoki Uingereza. Filamu ya 1979 ilichukua jina lake na jina la adui, Hugo Drax, ikampeleka Bond anga za juu.

Halafu anaogopa. Katika Dr. No ya 1958 tandu anamtambaa usiku kitandani, na Fleming anatulazimisha kumfuata mdudu huyo hatua kwa hatua, huku Bond akijizuia asitikisike. Filamu ya 1962 iliweka buibui badala yake. Tukio ni zuri, lakini kamera humwonyesha mtu anayetoka jasho. Kinachopita kichwani mwake haiwezi kukionyesha. Hasara hiyo naiona karibu katika kila filamu iliyofuata.

Ila hasara inayoniuma zaidi ni ya msiba wake. On Her Majesty's Secret Service ilitoka 1963. Bond anamwoa Tracy, na muda mfupi baada ya harusi Tracy anapigwa risasi ndani ya gari, kwa mkono wa Blofeld, adui mkubwa wa Bond, na msaidizi wake. Mwaka uliofuata ikaja You Only Live Twice, na humo tunamkuta mgane aliyevunjika. Anakunywa kupita kiasi, ameharibu kazi mbili, na mkuu wake, M, yuko tayari kumwachisha. Anatumwa Japani kwa kazi inayoonekana haiwezekani, na huko anagundua kwamba mtu anayetakiwa kumuua ni Blofeld mwenyewe. Anamnyonga kwa mikono yake. Kisha anapoteza kumbukumbu na kuishi kisiwani kama mvuvi, huku London wakimtangaza kuwa amekufa.

Watengenezaji wa filamu waligeuza mpangilio: Japani mwaka 1967, harusi mwaka 1969. Kwa hiyo Bond wa skrini alikwenda Japani akiwa hana wa kumlilia, na pakajengwa kituo cha roketi ndani ya volkano mahali palipostahili kuwa na majonzi. Filamu ya 1969 yenyewe, ambamo George Lazenby ndiye Bond, iko karibu sana na kitabu, hata kifo kile cha mwisho. Lakini ile ya 1971 haimtaji Tracy hata kwa jina. Kaburi lake tulilingoja hadi 1981, Roger Moore aliposimama hapo kwa muda mfupi. Napenda sana dakika zile za Moore, ambaye kwingine alimfanya Bond mtu wa mzaha.

Sasa swali lako. Sean Connery ana ukali wake, na Daniel Craig katika Casino Royale ya 2006 ana majeraha yake, hata yale ya kuteswa akiwa amefungwa kwenye kiti. Lakini kura yangu nampa Timothy Dalton. Tazama mwanzo wa The Living Daylights ya 1987, uliotokana na hadithi fupi ya Fleming: Bond anaona mlengaji wa upande wa pili ni mwanamke anayepiga selo, ile fidla kubwa, anasogeza bunduki kidogo, hamuui. Akionywa kuwa mkuu wake atajua, anajibu kwa uchovu wa mtu ambaye angefurahi kufukuzwa. Uchovu huo ndio wa kitabuni.

Usidhani nasema vitabu vyote ni bora. Katika Goldfinger ya 1959 adui anataka kuiba dhahabu ya Fort Knox, ghala la dhahabu la serikali ya Marekani, mzigo usiobebeka. Filamu ya 1964 ikabuni mpango wa kuichafua kwa mionzi, na ni mpango wenye akili zaidi. Pia utakutana na maneno ya kudhalilisha watu weusi, hasa katika Live and Let Die, na dharau kwa wanawake. Yasome ukijua ni mabaya, usiyatetee.

Anza na Casino Royale ya 1953, kitabu chembamba. Hizo mbili za Tracy na Japani zisome kwa kufuatana, usiruke.

Mama yako