Mazoezi ya vituo kwa watoto wa msingi: mbona pumzi inaongezeka, kasi haiongezeki?

Mwalimu, umeuliza kwa nini darasa lako la nne linatoka jasho kwenye mazoezi ya vituo, yaani watoto kuzunguka kituo hadi kituo, kila kimoja na zoezi lake, lakini muda wa mita 50 uko palepale. Jibu limo kwenye ratiba yako mwenyewe: vituo vinane, sekunde 30 kila kimoja, mapumziko sekunde 15. Hayo ni mazoezi ya pumzi. Si mabaya, ila kasi hutaipata humo.

Nishati ya mbio kali ni akiba ndogo iliyomo kwenye misuli, na huanza kuisha ndani ya sekunde kumi hivi. Mtoto akiingia kituo kinachofuata bado anahema, anazoea kukimbia kichovu, mabega juu na hatua nzito.

Mimi nafundisha michezo watoto wa rika hilo. Naweka vituo vitano: kuruka kamba harakaharaka, kuruka mbele kwa miguu miwili na kutua bila kuyumba, kuinuka toka kifudifudi na kuchomoka mita 10 kwa filimbi, vijiti, kisha mita 20 kwa nguvu zote. Kazi haizidi sekunde nane, na anayemaliza husubiri dakika nzima au zaidi. Mkuu wa shule akipita ataona watoto wamesimama tu, mwache aone.

Kituo cha vijiti ndicho ninachokithamini zaidi. Nalaza vijiti chini, mtoto anakimbia akikanyaga mara moja tu kila nafasi. Napanga mistari miwili, mmoja vijiti vikiwa karibukaribu na mwingine vikiachana zaidi, maana hatua ya mfupi si ya mrefu. Hapo natumia masikio kuliko macho. Mguu unaogusa na kuondoka unalia ta-ta-ta; uliochoka unalia pwa, pwa. Nikisikia pwa nyingi, nafunga kituo hata kama raundi haijaisha. Umri huu kasi hutokana zaidi na mishipa ya fahamu na uratibu wa viungo kuliko ukubwa wa misuli, kwa hiyo marudio mabovu ni hasara tupu.

Mara mbili kwa wiki zinatosha, mwanzoni mwa kipindi, baada ya kupasha mwili moto. Usiweke baada ya mpira.

Na upimaji: mtoto huongeza kasi kwa kukua tu. Pima pia darasa lisilofanya vituo, uwanja uleule, saa ishikwe na mtu yuleyule, ndipo utajua kilichotokana na mazoezi.