Barabara Imefungwa: Nani Ana Amri?

*Mamangu yuko Witu. Kila nikitoka Malindi kwenda kumwona, basi letu huzuiwa lingoje msafara wa polisi. Katiba si imetupa uhuru wa kutembea? — Msafiri*

Imetupa, Kifungu cha 39. Lakini Kifungu cha 24 chakubali haki hiyo iwekewe mipaka, ikiwa ni kwa sheria na kwa kiasi cha haja. Nayo Sheria ya Trafiki, Sura 403, yamtaka dereva atii askari anayeongoza magari. Baada ya mji wa Mpeketoni, Lamu, kushambuliwa Juni 2014, njia ya Garsen hadi Mokowe ilimeza roho za abiria. Mimi naona bora mamako akungoje hadi jioni. Ila kuwangojesha watu juani bila maji wala choo, hilo halihitajiki kwa usalama wa mtu yeyote, na waliopanga msafara wapaswa kulirekebisha.

*Kafyu ikirudi Lamu kama ile ya Julai 2014, mja mzito akishikwa na uchungu usiku tufanyeje? — Mkunga*

Dada, swali lako ndilo zito kuliko yote. Kafyu hutolewa na Waziri kwa ushauri wa Inspekta Jenerali wa Polisi, chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura 56. Amri hiyo hutaja eneo na saa. Sheria yenyewe inatambua kibali cha maandishi cha kutoka nje, na amri ndiyo humtaja mwenye kukitoa. Kwa hivyo siku ya kwanza tu amri ikitangazwa, uliza kibali chatolewa na nani, ukiombe chako na cha dereva wa ambulensi. Usingoje uchungu uanze. Na viongozi wa Lamu wapaswa kudai vibali vya wakunga kabla ya kitu kingine chochote.

*Ada ya kuegesha tuktuk mjini Malindi, ni ya serikali gani? — Dereva*

Ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti maegesho na barabara zake. Barabara kuu ya Mombasa ni ya serikali ya kitaifa.

*Askari kwenye kizuizi cha barabarani akisema "toa kitu, la sivyo nakushika"? — Bodaboda*

Usitoe. Muulize kwa adabu kosa lako ni lipi. Akikushika, Kifungu cha 49 chamlazimu akwambie sababu papo hapo, kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Zikiishia usiku au sikukuu, siku ya korti inayofuata. Andika namba yake ya kazi, saa na mahali.