Kabla ya kununua dawa ya "kuongeza kinga", jua kinga yako inafanya nini

Mama yangu mdogo anaishi Tandika na ana baridi yabisi, ile inayovimbisha vidole asubuhi mpaka kushika kikombe inakuwa kazi. Wageni wanaokuja kumjulia hali wana ushauri mmoja: aongeze kinga. Wapo wanaoleta unga wa kuchanganya na uji, wapo wanaoleta chupa kutoka Kariakoo. Mimi nafanya kazi maabara, na ninachowaambia ni hiki: kwenye ugonjwa huu kinga haijapungua. Inashambulia viungo vya mwenyewe.

Seli T, moja ya seli za kinga, haianzi kazi kwa kukitambua kijidudu tu. Inasubiri ishara ya pili, inayotoka kwenye protini za CD80 na CD86 zilizo juu ya seli nyingine inayoionyesha kijidudu hicho. Protini hizo hushikana na kipokezi cha seli T kiitwacho CD28. Ni kama daladala: injini inanguruma, lakini dereva haondoki mpaka konda agonge bodi. Seli T ikipata ishara ya kwanza bila ya pili, hupooza, na baadaye haiamki kirahisi.

Seli T iliyopata ishara zote mbili ikishaamka, hutoa kipokezi kingine, CTLA-4, kinachozishika CD80 na CD86 kwa nguvu kuliko CD28 na kuituliza seli hiyo. Panya waliozaliwa bila CTLA-4 hufa wakiwa na umri wa wiki chache, viungo vyao vimevamiwa na seli T zao wenyewe. Hapo ndipo wageni wengi hunyamaza na kusikiliza.

Dawa ya abatasepti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa baridi yabisi, imetengenezwa kwa sehemu ya CTLA-4: inazifunika CD80 na CD86, CD28 ikose cha kushika. Yaani mgonjwa anatibiwa kwa kupunguziwa ishara. Ipilimumabu, ya mwaka 2011, hufanya kinyume kwa wenye saratani ya ngozi: inaizuia CTLA-4, na baadhi yao hupata uvimbe mkali wa utumbo au ini kwa sababu kinga imeachiwa. London mwaka 2006, watu sita wenye afya njema walijitolea kujaribiwa TGN1412, dawa iliyoiamsha CD28 moja kwa moja. Ndani ya saa 12 hadi 16 wote sita walikuwa mahututi. Walinusurika, lakini mimi tangu nisome habari hiyo sipendi kusikia neno "kuongeza" likitamkwa kirahisi.

Sisemi unga wa uji una nguvu za dawa hizo. Ila kama una baridi yabisi, lupasi (ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia mwili wake), au umepandikizwa figo, muulize anayekuuzia: kinaongeza nini, kwenye seli gani? Asipojibu, acha. Usiache methotreksati yako, dawa ya kutuliza kinga, kwa sababu jirani kapona kwa kitu kingine. Ugonjwa wake huenda si wako. Na ukienda kliniki, beba kila chupa unayotumia, hata isiyo na lebo, umwekee daktari mezani.