Maswali yenu: nyumba za kale za Hội An

Tangu tuandike kuhusu Hội An, bandari ya zamani katikati ya Vietnam, maswali hayajakoma. Haya machache ya leo.

Mbona nyumba ni nyembamba lakini ndefu mno?
Ni nyumba za wafanyabiashara, na kila mmoja alitaka sehemu barabarani na sehemu mtoni. Ya Tấn Ký, yenye zaidi ya miaka 200, mbele ni duka, katikati ua usioezekwa wa kuingiza mwanga na hewa, kisha makazi ya familia. Mlango wa nyuma unaelekea Mto Thu Bồn, mzigo ulikoshushwa.

Mafuriko ni karibu kila mwaka. Mbao hazijaoza?
Maji huja hasa Oktoba na Novemba, na waliojenga walilijua hilo. Nguzo hazikuchimbiwa ardhini. Zimekaa juu ya mawe ili unyevu usipande. Mbao ni ngumu, zimeungwa kwa ndimi na matundu, si misumari ya kushika kutu. Kwenye dari kuna tundu: mto ukianza kujaa, bidhaa hupandishwa orofani kwa kamba. Kwa Tấn Ký wameweka alama za mafuriko ukutani, na ile ya 1964 inapita kichwa cha mtu mzima. Wajenzi wetu wanaopenda mabondeni wangeenda kuitazama.

Yale macho juu ya milango?
Ni vibao viwili vya kuchongwa, walinzi wa nyumba.

Kwa nini hawakuvunja wakajenga maghorofa?
Ukata. Mto ulijaa mchanga, na katika karne ya 19 biashara ikahamia Da Nang. Mwenye nyumba angebomoa kwa fedha gani? Baadaye, miaka ya 1980, msanifu majengo kutoka Poland, Kazimierz Kwiatkowski, aliupigania mji uhifadhiwe. Alifariki 1997, miaka miwili kabla UNESCO haijauweka kwenye Urithi wa Dunia.

Daraja la Wajapani limeharibiwa kwa ukarabati?
Lilipofunguliwa tena Agosti 2024 wengi walilalamika kwamba linang'aa mno. Mimi niko upande wa mafundi. Daraja la mbao lililoanza mwishoni mwa karne ya 16 limeshakarabatiwa mara nyingi. Boriti iliyooza haiachwi kwa sababu inapendeza kwenye picha. Rangi nayo, kwa mvua zile, haitakaa mpya.

Niende lini?
Februari hadi Aprili, kukiwa kukavu. Nenda asubuhi, jioni mitaa haipitiki kwa wingi wa watalii.