Bastola ya Upepo: Pesa Yako Ianzie Kwenye Kinachogusa Mwili

Tangu Olimpiki ya Paris 2024, kila ninayemwambia kwamba napiga shabaha ananiuliza swali lile lile: kama yule Mturuki aliyetia mkono mfukoni? Naam, kama yule. Yusuf Dikeç alipata medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan kule Châteauroux, akiwa na fulana na miwani ya kawaida, na mitandao ikahitimisha kwamba vifaa vya wenzake vilikuwa mbwembwe tupu. Wasichosema ni kwamba mzee yule alikuwa kwenye Olimpiki yake ya tano, na bastola aliyoishika ilikuwa ya mashindano kama za wengine wote. Hata ule mkono mfukoni si maringo. Mkono usio na kazi ukiachwa unaning'inia, unayumbisha bega, na bega likiyumba bastola nayo inayumba. Karibu kila mpigaji wa bastola anautia mfukoni au anauchomeka kwenye mkanda.

Mimi naishi kusini mwa Ujerumani, nchi ambayo shirikisho lake la ulengaji lilianzishwa Gotha mwaka 1861 na lina wanachama zaidi ya milioni 1.3. Ni nadra kukuta kijiji kisicho na klabu yake. Kwa ndugu zangu mlioko huku mnaotaka kuanza, ushauri wa kwanza ni kwamba msinunue kitu. Nenda klabuni jioni ya mazoezi, sema unataka kujaribu, utapewa bastola yao na mzee mmoja mkali wa kukusimamia. Kaa na bastola ya klabu mpaka mkono wako uanze kuilalamikia kwa sababu unazoweza kuzitaja.

Kwa nini bastola na si bunduki? Kwa sababu ya mfuko. Mpigaji wa bunduki ya upepo anahitaji koti na suruali ngumu za turubai au ngozi, viatu maalumu, glavu, na makopo ya risasi yaliyochaguliwa kwa makini, kwani kumi ya bunduki, yaani duara la katikati lenye alama ya juu, ni kinukta chenye upana wa nusu milimita. Kumi ya bastola ina upana wa milimita 11.5. Risasi yenyewe ni milimita 4.5, na ikigusa tu mstari unapewa alama ya juu, kwa hiyo katikati ya risasi inaweza kukosa kitovu kwa milimita 8 na bado ukahesabiwa kumi. Bastola nzuri ikifungwa kwenye jiliwa hupitisha risasi zote karibu tundu moja. Ukipata saba, basi, usiitazame bastola kwa jicho baya.

Sasa hapa ndipo penye mchezo wenyewe, naomba tukae hapa kidogo. Bastola ina vilengeo viwili: kijiti cha mbele na mwanya wa nyuma. Umbali kati yao ni kama milimita 330, na shabaha iko mita 10. Mkono wako wote ukisogea milimita 3 kushoto huku vilengeo vimepangana sawasawa, risasi nayo inasogea milimita 3 na bado ni kumi. Lakini kijiti kikisogea milimita 1 tu ndani ya ule mwanya, kule kwenye karatasi risasi inakwenda pembeni milimita 30 hivi. Duara moja la shabaha lina upana wa milimita 8. Piga hesabu mwenyewe ujue umepoteza alama ngapi kwa milimita moja.

Ndiyo maana wakufunzi wanapiga kelele kila jioni: tazama kijiti! Duara jeusi liache liwe ukungu. Wengi wetu hatulengi hata katikati yake, tunalenga kwenye karatasi nyeupe chini ya weusi, kisha tunarekebisha kilengeo cha nyuma ili risasi zipande kwenye kumi. Juu ya weupe kijiti cheusi kinaonekana vizuri, na jicho halishawishiki kukimbilia shabaha. Na mkono utatetemeka tu. Wa bingwa wa dunia unatetemeka pia, ila kwenye eneo dogo zaidi. Anayesubiri mkono utulie kabisa ndipo afyatue kwa haraka huwa anavuruga vilengeo kwenye ile haraka.

Kutokana na hayo utaona kwa nini nasema pesa ianzie kwenye kinachogusa mwili, na mpini ndio wa kwanza. Mpini wa mashindano ni wa mbao, unakuja kwa ukubwa wa aina chache, na hakuna unaokukaa sawasawa ukitoka dukani. Kipimo chake ni rahisi. Shika bastola tupu, fumba macho, inua mkono, shusha ulipozoea, fumbua. Kama kijiti kimeegemea kushoto au kulia ndani ya mwanya, mpini haujakukaa, na kila risasi utakuwa unaisahihisha kwa kifundo cha mkono bila kujijua.

Dawa ni msasa na puti ya mbao. Paka kiganja unga wa chaki, shika bastola kama unavyoshika ukipiga, achia. Panapobaki chaki nyingi kwenye mpini ndipo mbao inapokubana, hapo sugua kidogo. Pasipo na chaki kabisa, aghalabu kwenye shimo la katikati ya kiganja, jaza puti kidogo, ushike ikiwa bado laini. Fanya taratibu, siku moja sehemu moja, kisha upige kwa wiki nzima kabla ya kugusa tena. Kile kibao cha chini kinachobeba ukingo wa kiganja kikaze kiasi cha kugusa tu, na kisifike kwenye kifundo, maana kanuni za shirikisho la kimataifa, ISSF, zinataka kifundo kiwe huru kinachoonekana. Mtu akiniuliza kati ya bastola mpya na mpini uliochongwa vizuri kwenye bastola ya zamani, simwachi amalize swali.

La pili ni macho. Ukishavuka miaka arobaini, kijiti kilichoko mwisho wa mkono kinaanza kuwa na kingo laini. Mwambie mtaalamu wa miwani unataka lenzi ya kuona wazi umbali wa mkono ulionyooshwa. Mara nyingi huwa ni namba yako ya mbali ukiongeza dayopta 0.50 hadi 0.75. Jicho lisilolenga usilifumbe, uso mzima unakakamaa. Lizibe kwa kipande cha plastiki nyeupe kinachopitisha mwanga. Umri wala usikutishe: Javad Foroughi, muuguzi wa Iran, alichukua dhahabu ya bastola hii kwenye Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 41.

Viatu viwe vya soli bapa inayokunjika sehemu ya mbele, shingo isipite kifundo cha mguu. Basi.

Triga ya bastola hii isiwe nyepesi kuliko gramu 500. Kabla ya mashindano waamuzi wananing'iniza jiwe la gramu 500 mtutu ukitazama juu. Triga ikiachia, hupigi mpaka urekebishe. Iweke 510 au 520 uwe na amani. Triga huvutwa kwa hatua mbili, na mimi napenda hatua ya kwanza ibebe uzito mkubwa, kama gramu 350, ili kidole kiwe tayari kimefanya kazi nyingi kabla ya pale pa kuachia. Binya moja kwa moja kurudi nyuma kwa ncha ya kidole, na bastola ikishalia ubaki hapo hapo ukitazama kijiti kwa sekunde moja au mbili. Vuta pumzi unapoinua, toa unaposhuka, na ukiona sekunde nane zimepita hujafyatua, shusha mkono upumzike. Kuna dakika 75 za risasi 60 kwenye shabaha za elektroniki. Hakuna anayekufukuza.

Mazoezi yenye faida kuliko yote hayana risasi. Geuza karatasi ya shabaha upande mweupe, itundike ukutani, ufyatue bastola tupu kwa dakika kumi kila jioni, ukiangalia kijiti kimefanya nini wakati triga inaachia. Kikiruka, kidole ndicho kimekirusha.

Ukifika wakati wa kununua yako, Steyr, Feinwerkbau, Walther, Morini na Pardini zote zitakupita uwezo kwa miaka mingi, kwa hiyo chagua inayokaa mkononi. Ya mkononi mwa mtu inafaa sana, ila soma tarehe iliyochongwa kwenye mtungi wa hewa inayosukuma risasi. Mitungi hii muda wake wa matumizi ni miaka kumi, na bei nzuri mara nyingi ina mtungi uliozeeka nyuma yake. Feinwerkbau 65 ya kizamani inatumia springi, haina mtungi wa kukuhangaisha, na bado inapiga kumi.

Siku ya mashindano, angalia namba ya njia yako kabla ya kila risasi. Matthew Emmons wa Marekani alikuwa anaongoza fainali ya bunduki ya mita 50 kule Athens mwaka 2004, imebaki risasi moja, akaipiga kwenye shabaha ya jirani. Sifuri. Dhahabu ikaenda kwa Jia Zhanbo wa China.

Na sheria. Hapa Ujerumani bastola ya upepo isiyozidi jouli 7.5, yenye herufi F ndani ya pembe tano, inauzwa kwa aliyetimiza miaka 18 bila kibali, lakini njiani iwe ndani ya sanduku lililofungwa na isiwe na risasi. Kamba ya usalama, ile ya kuonyesha kwamba bastola ni tupu, ipite mtutuni mwote, ionekane pande zote mbili. Risasi ni madini ya risasi kweli, kwa hiyo usile mstarini na nawa mikono kwa sabuni ukimaliza. Ukitaka kuipeleka nyumbani, pata kwanza jibu la polisi wa kule kwa maandishi, kisha la shirika la ndege, na mtungi uufungue na kuumwaga hewa yote kabla ya kufunga begi.